Mpira Ukidondoka Kushoto, Kagua Mkono wa Kulia

Jioni moja kijana wa bodaboda anayeegesha kijiwe cha jirani alikuja uwanjani kwetu Nkuhungu, Dodoma, na mipira mitatu mfukoni. Alikuwa na wiki mbili za mazoezi ya kuirusha na kuidaka yote mitatu mfululizo, aliyoyafanya kati ya abiria mmoja na mwingine. "Mwalimu," akaniambia, "huu mkono wa kushoto una laana. Kila mpira ukifika hapa unaanguka."

Nikamwambia arushe. Akarusha, ukaanguka. Nikamwambia arudie, safari hii mimi nikitazama mkono wa kulia tu, na laana nikaiona. Kiwiko cha kulia kilikuwa kinatoka ubavuni kila anaporusha, mpira unapaa mshazari kwenda mbele, na unashuka karibu nusu mita kutoka kilipo kiganja cha kushoto. Maskini mkono wa kushoto ulikuwa unalaumiwa kwa kutodaka mzigo ambao haukuletwa kwake.

Nimemtanguliza huyu kwa sababu matatizo mengi ya kurusha mipira na kuzungusha poi, yaani vizito viwili vya kamba, kimoja kila mkono, yako hivyo hivyo. Yanaonekana mahali pamoja na yamezaliwa pengine, nusu sekunde kabla. Wengi wetu tunajifunza kwa video za simu, na video inakuonyesha mtu anayeweza. Haikuonyeshi wewe unakosea wapi. Haya ni yale ninayoyaona kila jioni kuanzia saa 11, jua likishapunguza ukali.

KABLA HUJAJILAUMU, KAGUA KIFAA

Mpira wa tenisi una gramu 56 hadi 59. Ni mwepesi mno kwa anayeanza, kiganja hakiusikii ukitua, na ukidondoka unadunda mpaka mtaroni. Ndiyo maana mtu anasema amefanya mazoezi nusu saa kumbe dakika 15 alikuwa anafukuza mipira. Shona ya kwako: kitambaa cha jinzi ya mtumba, ndani mtama au uwele, gramu 110 hadi 130. Mwenye duka la nafaka atakupimia. Usiujaze ukakaza kama ngoma. Ukiudondosha ukae palepale ulipoangukia. Mchele nao unafaa, ila unavunjika na kutoa unga, halafu kuchezea mchele mbele ya mama mwenye nyumba ni kujitafutia kesi. Mtama uanike juani siku nzima kabla ya kuushona, la sivyo fukusi watahamia humo. Na usiiache mipira sakafuni usiku. Yangu miwili ilitobolewa na panya, nikaamka asubuhi nikakuta njia ya mtama kutoka mlangoni mpaka chini ya kabati.

Poi za kuanzia ni soksi mbili ndefu za mpira wa miguu. Kila moja itie mtama uliofungwa kwenye mfuko laini, piga fundo juu yake, na upande wa pili tengeneza kitanzi cha kuingiza kidole. Urefu pima kwa mwili wako: nyoosha mkono, shika kitanzi, kichwa cha poi kifike kwapani. Kisha zining'inize zote mbili kwenye msumari mmoja uone kama ziko sawa. Zikipishana hata upana wa kidole, moja itazunguka haraka kuliko mwenzake na utadhani mkono wako ni mzito.

Kuna watakaokuambia haya ni mambo ya kizungu. Poi ni za Wamaori wa Nyuzilandi, wanawake wao wanazichezea ngoma, na baadhi ya za zamani zilifumwa kwa nyuzi za mmea wa huko uitwao harakeke. Na kwenye makaburi ya Beni Hasan nchini Misri, yenye miaka karibu 4,000, kuna picha ukutani ya wanawake wanarusha mipira kadhaa hewani. Sisi tulikuwa na mdako. Aliyecheza mdako vizuri utotoni, akarusha kokoto moja juu huku akichota nyingine shimoni, huyo ananishinda hata mimi siku ya kwanza.

MIPIRA INAKUKIMBIA MBELE

Hili ndilo tatizo la kijana wa bodaboda, na ndilo linaloongoza. Dalili: unaanza umesimama, unamaliza umetembea hatua sita kama mtu anayefukuza kuku. Sababu ya juu juu ni kwamba unarusha kwenda mbele. Lakini kwa nini? Ukichunguza utakuta mambo mawili. La kwanza ni kiwiko kuachana na mbavu. La pili, ambalo watu hawalioni, ni haraka. Mpira wa kwanza ukiwa bado unapanda umeshaogopa, unautupa wa pili ili upate kiganja kitupu, na mpira unaotupwa kwa hofu huwa unakwenda mbele, haupandi.

Dawa ya kiwiko ni ukuta. Simama ukiuelekea, umbali wa hatua moja, urushe. Ukuta utakuambia ukweli bila kukuonea haya. Asiye na ukuta apige magoti mbele ya kitanda. Faida yake nyingine ni kwamba mipira ikianguka huinami.

Dawa ya haraka ni kusubiri kilele. Mpira ukifika juu kabisa, pale unapoonekana kama umesita kabla ya kushuka, ndipo urushe unaofuata. Sema kwa sauti, hata kama unaona aibu kidogo: "rusha... rusha... daka, daka." Fanya kwa mipira miwili tu, ukianza na kulia mara kumi, kisha ukianza na kushoto mara kumi. Watu wengi wanaruka zoezi la kuanzia kushoto. Hao ndio watakaorudi mwezi ujao wakisema mkono una laana.

INAGONGANA HEWANI

Kama inagonga katikati, juu ya pua yako, mipira inapita njia moja. Kila mkono una kazi mbili katika sehemu mbili: unadakia nje, karibu na nyonga, kisha unauzungusha mpira kwa chini kuja ndani, na unarushia karibu na kitovu. Kiganja kinachora nusu duara dogo, kama unachota maji kwa kata. Ukirushia palepale ulipodakia, lazima ikutane. Mwenye jicho zuri akikutazama kutoka mbele ataona mipira inachora namba 8 iliyolala.

Ikigongana upande mmoja tu, mkono wa upande wa pili ndio unarushia nje. Umeshaelewa mchezo.

MKONO MMOJA UNARUSHA, MWINGINE UNAPOKEZA

Mtu anajivunia kwamba anaweza mipira mitatu, ukimtazama unaona wa kulia unarusha juu na wa kushoto unaupitisha mpira kwa chini, mkono kwa mkono. Ndivyo tulivyocheza na ndimu mbili tukiwa watoto. Si kosa, ni mtindo kamili wa peke yake, lakini ni mgumu kuliko ule unaotaka kujifunza, na ukiuzoea kuuacha ni shughuli. Weka mpira mmoja tu mkononi mwa kushoto, kulia pawe patupu, urushe kwenda kulia mara hamsini. Juu, usawa wa macho. Ukiona unaupokeza, anza kuhesabu upya.

WA TATU HAUONDOKI MKONONI

Unarusha wa kwanza, unarusha wa pili, wa tatu unaukumbatia kama chenji ya daladala. Huu ni woga tu. Unajua hutaudaka, basi unaukatalia kuondoka. Kwa siku mbili nzima usidake chochote. Rusha, rusha, rusha, acha yote mitatu ianguke, kisha tazama chini imeangukia wapi. Ikianguka miwili kushoto na mmoja kulia, tena karibu na miguu yako, basi umeshajua kurusha, kudaka kutakuja kwenyewe. Hii kwangu ni dawa bora kuliko zote nilizotaja, na ndiyo watu wanaikataa zaidi kwa sababu inaonekana kama kushindwa kwa makusudi.

UNAKOSA MUDA

Anayekosa muda hurusha juu zaidi. Inaeleweka, lakini hesabu inamkatalia. Mpira uliopanda sentimita 60 juu ya kiganja unakaa hewani sekunde 0.7 hivi. Ukiurusha mara mbili ya hapo, sentimita 120, unakaa sekunde moja kasoro kidogo sana. Umetumia nguvu zaidi, umepoteza shabaha, na umepata sekunde 0.3. Ukitaka muda uwe maradufu lazima urushe mara nne, na hapo utagonga bati.

Muda uko mkononi. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyeasisi nadharia ya habari, alipenda mchezo huu kiasi cha kuuandikia kanuni yake, na ndani ya kanuni hiyo muda wa mpira kukaa kiganjani unahesabika sawa na ule wa kukaa hewani. Anayeanza hudaka na kutupa papo hapo kama ameshika kaa la moto. Uache mpira utulie kiganjani, uushushe kidogo, ndipo uupandishe. Utashangaa jinsi kila kitu kinavyopoa.

POI: PALE INAPOKUPIGA NDIPO PA KUANZIA

Kila anayeanza hujipiga. Badala ya kulalamika, andika inapokupiga.

Fikiria kwanza una tairi mbili za baiskeli, moja kila ubavu, zinakwenda mbele. Poi zinatakiwa zibaki ndani ya tairi hizo. Inakupiga sikio au kisogo? Duara limelalia ndani kwa juu, na mara nyingi kiwiko kimenyanyuka kama bawa la kuku. Kishushe. Inakupiga kifundo cha mguu? Kamba ni ndefu au mikono imelegea chini ya nyonga. Ipandishe usawa wa kiuno. Inakupiga pale ambapo wanaume hukaa chini ghafla bila kusema neno? Ulikuwa unazungusha mbele yako na mikono ikarudi karibu na tumbo. Sogeza mikono mbele, na shukuru kwamba ndani ni mtama.

Kisogo kikipigwa wakati wa kuvusha mkono kwenda upande wa pili, usihangaike na mkono. Kifua ndicho hakikugeuka. Mkono wa kulia hauwezi kuzungusha vizuri ubavu wa kushoto ukiwa umesimama kama askari wa gwaride. Kitovu kitazame kule poi zinakokwenda, mabega yafuate, na mkono utajikuta umefika.

Waliokulia Bahi na Chamwino wakiamia ndege kwenye uwele wana ugonjwa wao maalumu. Kombeo limewapa kifundo cha mkono kilicho hai, jambo jema, lakini kombeo linataka nguvu zote za bega ili jiwe liende mbali. Poi haiendi popote. Nguvu za kombeo kwenye poi zinaleta maumivu ya bega siku ya tatu, na duara linakuwa umbo la yai kwa sababu unasukuma sehemu moja tu ya mzunguko. Punguza mwendo hadi kamba inakaribia kulegea inapopita juu, kisha ongeza kidogo tu. Kwa kamba ya sentimita 60, chini ya mzunguko mmoja kwa sekunde moja na nusu hivi kamba italegea; kwa hiyo mzunguko mmoja kwa sekunde unatosha kabisa. Kifundo ndicho kinachofanya kazi, bega limepumzika. Bega likiuma hata hivyo, acha siku mbili. Ganzi ya vidole ni suala jingine: kitanzi kinabana, au soksi imejisokota yenyewe. Soksi inayojisokota ifungie kile kiungo kinachozunguka cha mnyororo wa mbwa, kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi.

KAMBA ZINASOKOTANA

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, maana ukishaweza kuzungusha kila ubavu, hatua inayofuata ni kusuka: poi mbili zinavuka kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine bila kugusana. Na zinagusana. Zinajifunga fundo ambalo utalifungua ukiwa umechuchumaa huku watoto wa mtaa wakikuhesabia.

Anza na swali hili: kabla ya kuvuka, zilikuwa zinapishana? Moja ikiwa juu, nyingine iwe chini. Wengi huanza vizuri, lakini mkono wenye nguvu unawahi wakati wa kuvuka, na mara poi zinajikuta sambamba. Poi mbili sambamba upande mmoja lazima zifungane. Kwa hiyo fundo unaloliona upande wa kushoto limesababishwa na haraka ya mkono wa kulia ukiwa bado kulia. Rudi kuzungusha kila moja ubavuni mwake na uhesabu "moja, mbili, moja, mbili" mpaka iwe kama kupumua.

Kama zinapishana sawasawa na bado zinafungana, tazama umbali wa vifundo vya mikono wakati imekunjana. Vikiwa mbali, kamba ya mmoja inaukuta mkono wa mwenzake. Viwe karibu kama vimefungwa uzi, na mkono unaovuka upite juu ya ule unaobaki.

Hesabu yenyewe ni hii. Upande wa kulia: kulia, kushoto, kulia. Upande wa kushoto: kushoto, kulia, kushoto. Ifanye kwanza bila poi, mikono mitupu, hata ukiwa kwenye foleni ya maji. Kisha shika poi moja tu mkono wa kulia: inapiga mara mbili ubavu wa kulia, mara moja ubavu wa kushoto. Badilisha mkono. Poi moja haiwezi kujifunga na mtu, hivyo ikikwama unajua kosa ni la mkono huo huo. Binti mmoja tuliyenaye alikaa siku tisa na poi moja wakati wenzake wakimcheka. Siku ya kumi alichukua mbili na akasuka. Wenzake bado wanafungua mafundo.

Kipepeo, yaani poi zote mbele ya kifua zikizunguka kinyume, hakina mengi. Zikigongana, mkono mmoja uwe mbele kidogo ya mwingine, upana wa ngumi. Basi.

UPEPO WA DODOMA

Kuanzia Juni mpaka Oktoba upepo wetu hautanii, na vumbi linakuja nalo. Anayezungusha poi mbele ya kifua huku ameuelekea upepo atarudishiwa poi usoni. Ugeukie ubavu, ili upepo upite sambamba na duara. Duara litakuwa zito upande mmoja, lakini halitaacha njia yake.

Kwa mipira kuna mtego ulionidanganya mwezi mzima. Upepo mwingi hapa hutoka mashariki, na jioni jua liko magharibi, kwa hiyo ukitaka jua lisikuchome macho unageukia mashariki, unaupokea upepo kifuani. Mipira yangu ilikuwa imeacha kunikimbia! Nikajiona nimeiva. Siku moja nikarusha ndani ya ukumbi usio na upepo, mbele ya watu, nikatembea hatua nane hadi kwenye meza ya bibi harusi. Upepo ulikuwa unanirudishia makosa yangu mkononi. Fanya mazoezi nyuma ya nyumba, upande uliokingwa.

RINGI INASHUKA KIUNONI

Ringi unayozungusha kiunoni ikishuka, ujue ni ndogo. Zile za watoto za dukani hazimfai mtu mzima. Kata bomba jeusi la maji, liunge, na likisimama wima mbele yako lifike kwenye kitovu. Usikizungushe kiuno, sukuma mbele na nyuma, mguu mmoja umetangulia.

NATAKA KUWASHA MOTO

Hapana. Au tuseme: si mpaka uweze kusuka robo saa bila poi kukugusa hata mara moja, kwa sababu kila mguso wa leo siku hiyo utakuwa jeraha. Atakayefika huko, petroli asiiguse kamwe. Mvuke wake unalipuka. Wanaojua hutumia mafuta ya taa, wanakung'uta yaliyozidi kabla ya kuwasha, kichwa cha poi ni utambi maalumu wa kevlar, nyuzi zisizoungua kirahisi, na kamba ni mnyororo wa chuma. Soksi hapana, na kamba ya nailoni hapana. Nguo ziwe za pamba, maana nailoni inayeyukia kwenye ngozi. Nywele funga na lowesha. Lazima awepo mtu mwingine ameshika taulo bichi akikutazama wewe tu, si simu. Na Agosti kwetu nyasi zote ni kiberiti, hivyo udongo mtupu pande zote.

JANA NILIWEZA, LEO SIWEZI

Mara nyingi jana ulikuwa umechoka vizuri na leo umekuja na hamu. Hamu inaharakisha mkono. Rudi mipira miwili kwa dakika tano, kisha jaribu tena. Ukishindwa, nenda nyumbani. Dakika 15 kila siku zinakufaa kuliko saa tatu za Jumamosi. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani walichapisha katika jarida la Nature picha za ubongo za watu waliojifunza mipira mitatu kwa miezi mitatu: sehemu zinazofuatilia vitu vinavyotembea zilikuwa zimeongezeka. Walipoacha kwa miezi mitatu, ongezeko hilo likapungua. Kwa hiyo ukisafiri, safiri na mipira.

Kijana wa bodaboda alikuja tena juzi. Alisimama ukutani kwangu, kiwiko kimebana mbavu, akafika mirusho 31 bila kuhama. Wa 32 ulikuwa hewani abiria alipopiga mluzi barabarani. Akadaka, akatia mipira mfukoni, akapiga pikipiki kiki. Kwenye vumbi nyuma yake niliona mtama kidogo umemwagika. Kesho nitamwuliza kama nyumbani kwake ana paka.